KUPANDA MLIMA KARTHALA KWA SIKU MOJA: MAELEZO KWA WASAFIRI WAENDAO NGAZIJA

Wakaazi wa Unguja na Pemba husafiri kwenda Ngazija kwa sababu mbali mbali. Wapo wanaokwenda kuzuru jamaa, wapo wanaohudhuria harusi kubwa zinazofanywa zaidi katika miezi ya Julai na Agosti, wapo wafanyabiashara, na wapo watumishi wa Serikali wanaokwenda kwa shughuli za kikazi. Udugu baina ya pande hizi mbili ni wa miaka mingi. Sayyid Ahmed bin Sumeit, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa Kadhi wa Unguja na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, mji ulio jirani na Moroni. Kwa hivyo msafiri atokaye huku hapokewi kama mgeni wa mbali, na si ajabu vijana wa nyumba aliyofikia wakamwalika apande nao Mlima Karthala, kwa nia ya kuondoka alfajiri na kurudi jioni ya siku hiyo hiyo.

Safari hiyo ni nzuri na wengi wameifanya wakarudi salama. Hata hivyo, Karthala ni volkano hai, na visiwa vya Unguja na Pemba havina mlima wa namna hiyo. Mkaazi wa huku amezoea ardhi ya mawe ya matumbawe na vilima ambavyo havifiki hata mita 200. Anaijua bahari, anajua pepo za kusi na kaskazi, lakini hakulelewa katika desturi za kukaa na moto chini ya ardhi. Makala haya yanakusudia kueleza mlima huo ni wa namna gani, umepata kufanya nini, na msafiri anapaswa kujua na kuuliza nini kabla ya kuanza kupanda.

Jambo la msingi ambalo maelezo yote yanayofuata yanalitilia nguvu ni hili: ukimya wa mlima si ruhusa ya kuupanda. Usalama wa safari ya siku moja huamuliwa chini, kabla ya hatua ya kwanza.

MLIMA NA KISIWA CHAKE

Ngazija ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Komoro, na kipo kiasi cha kilomita 750 kusini-mashariki ya Unguja. Wataalamu wa ardhi wanaeleza kuwa ndicho kichanga kuliko wenzake watatu, yaani Mwali, Anzwani na Maore. Kisiwa chote kimejengwa na volkano. Karthala, wenye urefu wa mita 2,361 juu ya usawa wa bahari, umekalia sehemu ya kati na ya kusini, na mji mkuu wa Moroni umejengwa chini ya ubavu wake wa magharibi.

Anayeutazama kutoka baharini huenda asiutambue kuwa ni volkano, kwa sababu hauna umbo la kichuguu chenye ncha. Umelala kama ngao iliyofudikizwa, mabavu yake yakiteremka polepole mpaka pwani. Umbo hilo limetokana na zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, ambayo kwa maelfu ya miaka imekuwa ikitoka na kutiririka mbali kabla ya kupoa na kuwa jiwe. Juu kabisa pana bonde kubwa la mviringo lenye kuta zilizosimama wima, lenye upana wa kiasi cha kilomita 3 kwa 4. Bonde hilo, ambalo wataalamu huliita kaldera, lilitokea pale kilele kilipodidimia baada ya mwamba wa moto ulioko chini yake kutoka. Ndani ya bonde hilo mna mashimo mengine, maarufu zaidi yakiwa Chahale na Changomeni. Mashimo kama hayo, ambayo ndiyo midomo ya volkano, kwa Kiswahili huitwa kasoko.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima, ingawa mvua yake ni nyingi. Mawe ya zaha yana matundu na nyufa, na maji ya mvua huzama mara moja. Kwa sababu hiyo vijiji vingi hutegemea mabirika yanayokinga maji ya mvua kutoka mapaani. Hali hiyo ina uzito kwa anayepanda mlima, na ina uzito zaidi kwa wale wanaobaki chini.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Tangu karne ya 19 Karthala umelipuka zaidi ya mara 20. Milipuko hiyo haikuwa ya namna moja, na hapo ndipo ugumu wa kuutabiri mlima huu ulipo.

Mwaka 1903 watu 17 walifariki kwa gesi zilizotoka katika mlima. Hawakuchomwa na moto wala kuangukiwa na mawe. Walivuta hewa isiyofaa.

Mwezi wa Aprili 1977 kilele hakikuhusika. Ardhi ilipasuka chini kabisa katika ubavu wa kusini-magharibi, karibu na makaazi ya watu, na zaha ikaingia katika kijiji cha Singani na kuharibu nyumba nyingi. Maelfu ya watu walihama. Wananchi wa Singani baadaye walirudi na kujenga upya, na kijiji hicho kipo mpaka leo. Tukio hilo linaonyesha kuwa hatari ya Karthala haiko kileleni peke yake.

Mwezi wa Julai 1991 kasoko ya Chahale ilitoa mlipuko wa mvuke. Maji yaliyokuwa ndani ya ardhi yalikutana na joto kali na kupasua njia, bila ya zaha mpya kutiririka.

Mwaka 2005 ulikuwa na milipuko miwili. Wa kwanza ulitokea kati ya Aprili, na maelfu ya watu wa vijiji vya mashariki wakakimbia majivu. Wa pili ulianza tarehe 24 Novemba. Majivu yalianguka katika sehemu kubwa ya kisiwa, Moroni ikiwemo, na mabirika ya maji yakachafuka. Mwezi wa Mei 2006 mwanga mwekundu ulionekana usiku juu ya mlima. Zaha ilijaa katika kasoko kama ziwa, lakini haikutoka nje ya bonde la juu. Mlipuko mwingine mdogo ulifuata Januari 2007.

Kwa hivyo katika muda wa chini ya miaka 110 mlima huo huo umedhuru kwa gesi, kwa zaha, kwa mvuke na kwa majivu. Msafiri anayeuliza, "Je, utalipuka leo?" anauliza swali moja tu kati ya maswali manne.

KWA NINI UTULIVU HAUTOSHI KUWA DALILI YA USALAMA

Watu wengi hudhani kuwa volkano hutoa onyo kubwa kabla ya kulipuka: ardhi hutikisika, moshi hupanda, ndege hukimbia. Ni kweli kwamba mwamba wa moto unapopanda kutoka chini sana husukuma na kuvunja mawe njiani, na vyombo vya kupimia matetemeko huweza kuisikia safari hiyo kwa siku, wiki au hata miezi. Kwa madhumuni hayo Komoro ina kituo cha kuangalia volkano, kilichoanzishwa mwaka 1988 chini ya kituo cha taifa cha utafiti kilichopo Moroni, na kinachoshirikiana na wataalamu wa kisiwa cha Réunion, ambako nako kuna volkano hai.

Mlipuko wa mvuke ni jambo jingine. Mfano wake umo katika kila jiko. Sufuria ya maji iliyofunikwa kwa kifuniko kizito haionyeshi kitu kwa nje mpaka mvuke unapopata nguvu ya kukirusha kifuniko. Maji yanapogeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Maji ya mvua yanapozama katika mlima wenye joto, na njia ya mvuke ikazibwa na udongo au mawe, nguvu hujikusanya mahali ambapo jicho halioni. Kinachohitajika si mwamba wa moto kupanda upya; joto lililokwisha kuwepo linatosha. Kwa sababu hiyo mlipuko wa aina hii huweza kutokea kwa onyo fupi mno au bila ya onyo lolote ambalo mtu aliyesimama ukingoni angelitambua.

Karthala una joto hilo na una maji hayo. Mvua hunyesha kwa wingi juu yake, na kabla ya mwaka 2005 palikuwa na ziwa la maji ndani ya Chahale. Yaliyotokea mwaka 1991 hayakuwa ajabu ya siku moja.

MAFUNZO KUTOKA ONTAKE NA WHAKAARI

Mifano miwili ya nchi nyingine inafaa kuelezwa hapa, kwa kuwa yote miwili inahusu watu waliokwenda kwa safari ya siku moja katika hali ya hewa nzuri.

Mlima Ontake, nchini Japani, ulilipuka kwa mvuke tarehe 27 Septemba 2014, siku ya Jumamosi, karibu na saa sita mchana. Huo ulikuwa msimu ambao watu hupanda kwa wingi kutazama majani yanayobadilika rangi, na saa hiyo wengi walikuwa kileleni wakila chakula cha mchana. Watu 63 walifariki au hawakuonekana tena. Wengi wao waliuawa na mawe yaliyorushwa angani. Siku hiyo mlima ulikuwa katika ngazi ya kwanza ya tahadhari, yaani ya chini kabisa, na katika jedwali la Serikali ngazi hiyo ilielezwa kwa neno lenye maana ya "kawaida". Mwaka uliofuata idara ya hali ya hewa ya Japani ililiondoa neno hilo, na badala yake ikaandika kwamba mtu akumbuke kuwa mlima huo ni volkano hai. Vipimo havikubadilika, kilichobadilika ni neno. Walioandika tangazo walitambua kuwa msomaji akisoma "kawaida" huelewa "salama", na maana hizo mbili haziko sawa.

Kisiwa cha Whakaari, nchini New Zealand, ni volkano iliyosimama peke yake baharini. Watalii walikuwa wakipelekwa kwa mashua asubuhi, wakitembezwa mpaka karibu na kasoko, na kurudishwa mchana. Tarehe 18 Novemba 2019 wataalamu walipandisha ngazi ya tahadhari kutoka ya kwanza hadi ya pili. Safari ziliendelea. Tarehe 9 Desemba mlipuko ulitokea wakati watu 47 wakiwa kisiwani, na 22 kati yao walipoteza maisha kwa majeraha ya mvuke na majivu ya moto. Tangu siku hiyo safari za watalii kushuka katika kisiwa hicho zimesita.

Katika mfano wa Ontake taarifa ilikuwepo lakini neno lake lilipoza moyo. Katika mfano wa Whakaari taarifa ilibadilika lakini safari haikubadilika. Msafiri wa Karthala anaweza kupata faida katika mifano yote miwili: aulize hali ya mlima kwa wahusika wa Moroni siku ile ile au siku moja kabla, na akiambiwa kuwa hali imebadilika, basi mpango wake nao ubadilike.

HESABU YA SAA

Wenyeji wengi hupanda Karthala kwa siku mbili, wakilala juu usiku mmoja. Mpango wa siku moja unawezekana kwa mtu mwenye afya na mazoezi, lakini ni lazima ufanyiwe hesabu kwa uangalifu, kwa sababu nafasi ya kukosea ni ndogo.

Mtu wa kawaida huchukua saa sita hadi nane kupanda kutoka vijiji vya juu ya Moroni, kama vile Mvouni, na saa nne hadi tano kushuka. Akianza kutembea saa kumi alfajiri, atafika ukingoni kiasi cha saa tano asubuhi. Akikaa saa moja na kuanza kushuka saa sita mchana, atakuwa chini saa kumi na moja jioni, na jua la Ngazija wakati wa kusi huzama karibu na saa kumi na mbili. Ziada yake yote ni saa moja. Akianza saa kumi na mbili asubuhi, kama wafanyavyo wengi waliochelewa kulala kwa sababu ya harusi, giza litamkuta msituni, juu ya mizizi na mawe yenye utelezi.

Kutokana na hesabu hiyo, kila kundi liwekeane saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na saa sita mchana inafaa. Ikifika, kundi hugeuka, hata kama ukingo unaonekana mbele. Saa hiyo iwekwe chini, wakati akili zimetulia, kwani mtu aliyekwisha kupanda kwa saa saba huwa mgumu kukubali kurudi.

Msimu nao ni sehemu ya hesabu. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua hupungua na njia huwa kavu zaidi. Wakati wa kaskazi mvua kubwa huteremsha maji na matope katika makorongo ambayo siku nyingine ni makavu. Katika misimu yote, ukungu hupenda kukusanyika juu ya mlima kadiri jua linavyopanda, na katika ukungu mtu asiyeijua njia anaweza kutembea kuelekea kwenye genge akidhani anaelekea nyumbani.

NJIA NA VITU VYA KUCHUKUA

Njia hupita kwanza katika mashamba ya migomba, mihogo na milangilangi, ule mti ambao maua yake hutoa mafuta ya manukato yanayouzwa nje. Baadaye huingia katika msitu wenye unyevu, na juu zaidi, kuanzia kiasi cha mita 1,800, miti hupungua na kuacha vichaka vifupi vya nchi za baridi. Mlima huu una ndege wasiopatikana penginepo duniani, miongoni mwao bundi mdogo aishiye katika msitu wa Karthala peke yake. Wasafiri wanaombwa wasikate miti, wasiwashe moto msituni na wasiache taka. Msitu huo ndio unaoshika udongo juu ya vijiji vya chini.

Hakuna mto, chemchemi wala bomba la kutegemea njiani. Kila mtu achukue maji yake mwenyewe, na lita nne kwa mtu mmoja si nyingi kwa siku nzima ya kupanda na kushuka. Aidha, achukue chakula, viatu vya kufunga vyenye nyayo imara, koti la mvua, sweta, tochi yenye betri mpya hata kama amepanga kurudi mchana, kitambaa safi au barakoa ya kuzibia pua na mdomo, na kofia ngumu kama inapatikana. Wakaazi wa pwani hudharau baridi. Ukingoni, mtu aliyelowa jasho na mvua huanza kutetemeka mara upepo unapompiga. Simu ya mkononi ichukuliwe, lakini isitegemewe, kwa kuwa mawasiliano mlimani hukatika.

Kiongozi wa njia atoke katika vijiji vya mlimani na awe ameizoea safari hiyo. Kijana wa mjini aliyepanda mara moja akiwa mwanafunzi hawezi kuhesabiwa kuwa kiongozi, hata akiwa ni jamaa. Kabla ya kuondoka, majina ya wanaopanda, njia watakayopita na saa wanayotarajiwa kurudi yaachwe kwa maandishi kwa mtu anayeaminika aliyebaki chini, naye ajue amwarifu nani ikiwa saa hiyo itapita.

WAKATI WA KUWA UKINGONI

Anayefika ukingoni huona bonde kubwa la kijivu na nyeusi lililotanda chini yake, na mbali huona kasoko. Hamu ya kushuka ndani huwa kubwa. Kwa safari ya siku moja haifai kushuka. Hesabu ya saa hairuhusu, na ndani ya bonde ndiko hatari za gesi na mvuke zilikokusanyika.

Gesi zinahitaji maelezo ya peke yake. Kaboni dioksidi haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa. Hutiririka na kutuama katika mabonde na mashimo kama maji, hasa siku isiyo na upepo. Mtu anaweza kusimama salama mahali palipoinuka, na mwenzake aliyeketi katika kijishimo hatua chache tu kutoka hapo akapoteza fahamu. Gesi nyingine hunuka kama mayai yaliyooza, lakini ikizidi sana huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imeondoka. Kwa hivyo msafiri asipumzike wala kulala katika mashimo, na akisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au macho kuwasha, apande mahali pa juu penye upepo na aanze safari ya kurudi. Mwenye pumu, maradhi ya moyo au mimba asipande kabisa.

Ikitokea ngurumo au moshi mzito kupanda kutoka kasoko, asisimame kupiga picha. Aondoke ukingoni mara moja, akinge kichwa kwa mkoba, ajifiche nyuma ya mwamba mkubwa ikiwa mawe yanaanguka, na afunike pua na mdomo. Mawe yakipungua aendelee kushuka, akikwepa makorongo na, kama njia inaruhusu, upande ambao upepo unapeleka majivu.

WALE WANAOBAKI CHINI

Mpanda mlima huchagua hatari yake kwa siku moja. Mkaazi wa kijiji cha chini huishi nayo maisha yake yote, na msafiri aliyefikia nyumbani kwake anafaa kujua la kufanya.

Mwezi wa Novemba 2005 tatizo kubwa lilikuwa maji. Majivu ya volkano si kama majivu ya kuni. Ni mawe na vioo vilivyosagika, hayayeyuki, hukwaruza macho na mapafu, na hubeba chumvi na asidi. Yalianguka mwishoni mwa msimu wa ukavu, wakati maji ya mabirika yalikuwa yamepungua, na watu zaidi ya laki moja wakakosa maji safi ya kunywa. Mashirika ya misaada, likiwemo lile la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watoto, yalilazimika kugawa maji.

Kinga yake ni rahisi ikifanywa mapema. Birika lifunikwe. Mfereji unaoleta maji kutoka paani utenganishwe mara majivu yanapoanza kuanguka, na usirudishwe mpaka paa lisafishwe. Maji ya kunywa ya siku chache yahifadhiwe ndani katika vyombo vyenye vifuniko. Majivu yaliyokusanyika paani yaondolewe kabla ya kulowa, kwa sababu yakilowa huwa mazito na paa dhaifu huweza kuanguka. Anayeyaondoa afunike pua na awe na mtu wa kumshikia ngazi. Watoto, wazee na wenye pumu wakae ndani.

Hatari haimalizwi na kuisha kwa mlipuko. Majivu yaliyolala juu ya mabavu ya mlima hugeuka tope mvua inaponyesha, na tope hilo hufuata makorongo mpaka vijijini. Mwezi wa Aprili 2012 mvua kubwa zilileta mafuriko kisiwani, na kijiji cha Vouvouni, kusini ya Moroni, kilikuwa miongoni mwa vilivyopata hasara kubwa.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwa muhtasari, anayekusudia kupanda Karthala kwa siku moja anashauriwa:

1. Aulize hali ya mlima Moroni siku moja kabla au siku ile ile, na akubali jibu atakalopewa.
2. Apande na kiongozi wa vijiji vya mlimani, na kamwe asipande peke yake.
3. Aache majina, njia na saa ya kurudi kwa mtu aliyebaki chini.
4. Aanze kutembea saa kumi alfajiri na ageuke saa sita mchana, popote alipofika.
5. Achukue maji ya siku nzima, tochi, nguo za baridi na kitambaa cha kuzibia pua.
6. Asishuke ndani ya bonde la kilele, na asipumzike katika mashimo.

Watumishi wa Serikali wanaosafiri kwa kazi wakumbuke kuwa kupanda mlima si sehemu ya kazi waliyotumwa, na wanaotaka kufanya hivyo katika siku zao za mapumziko wamwarifu kiongozi wa msafara. Wakuu wa misafara nao, wanapoulizwa ikiwa mlima uko salama, wasijibu kwa kuutazama dirishani. Jibu la haki ni kumwelekeza muulizaji kwa wanaoupima, kumweleza walichosema kama kilivyo, na kutolifupisha kwa neno moja la kumridhisha.

Karthala utaendelea kuwepo mwaka ujao na miaka mingi baadaye. Aliyegeuka saa sita mchana akiwa amebakisha nusu saa kufika ukingoni hajapoteza kitu ambacho hawezi kukifuata tena.